Goti la Pilista

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya tatu, Kisumu,
kompyuta inaniambia Ahero iko chini ya bahari,
chini mno: hasi thelathini na mbili elfu,
mia saba sitini na nane.
Bahari yenye kina hicho haijachimbwa.

Ziwa jeusi. Milima ya Nandi nyeupe pe.
Katikati hamna kitu,
maana rangi zote zimenyooshwa
toka kuzimu mpaka kileleni,
na uwanda wa Kano, wenye mita zake chache za kujivunia,
umebanwa ukawa karatasi tupu.

Ugonjwa huu naujua. Namba ile si kimo.
Ni setilaiti iliyotazama chini, isione,
ikaona haya kusema "sijui".
Nafungua sifa za tabaka, naandika:
hii ihesabiwe kuwa hakuna.
Uwanda unavuta pumzi.
Kijani, manjano, kisha hudhurungi ya Nandi.
"Eeh," anasema Odindo meza ya pili,
macho yake kwenye chapati.

Halafu vivuli. Kila kilima kimesimama kama sindano.
Nani kapima mlalo kwa digrii, wima kwa mita?
Mimi, jana jioni, nikikimbia mvua.
Naihamisha rasta: kanda ya thelathini na sita, kusini.
Kusini! Juzi niliandika kaskazini
na Kisumu nzima ikaenda kukaa Ncha ya Dunia,
soko la Kibuye na omena zake
juu ya barafu.

Huko Maseno, ikweta inapopita,
vigae viwili vimekataa kushonana:
ufa wa pikseli moja katikati ya shamba la mtu.
Naushona. Mwenye shamba hatajua.

Sasa mto. Nyando unashuka vizuri, unapinda, unapinda tena,
unafika daraja la Ahero
na kusimama.
Kutoka angani daraja ni ukuta.
Juu yake, bwawa ambalo halipo duniani;
chini yake, ramani imekauka kau,
na huko chini ndiko anakonipigia Pilista Obiero:
"Maji yamevuka kizingiti. Ramani yenu yasemaje?"

Nakata daraja.
Pikseli nne, kwa kipanya, bila kibali cha mtu,
na malori ya miwa yanazidi kupita juu yake
huku mto ukipenya chini kama mtoto chini ya meza.

Kisha nikaharibu.
Nilibonyeza *jaza mashimo*,
maana kitabu kinasema mashimo ni makosa.
Mashine ikajaza la uongo, ikajaza la kweli,
ikasawazisha boma la Pilista likawa laini kama uji,
salama, halina hofu, halina maji.
Yeye bado yuko kwenye simu.
Nyuma yake nasikia sufuria inaelea, inagonga mlango.

Natengua. Shimo lirudi.
Pikseli yake moja ni mita thelathini kwa thelathini:
nyumba, jiko, zizi, choo, kaburi la mumewe,
wote wamepewa kimo kimoja
kama watoto wanaogawana kitabu.
Elfu moja mia moja arobaini na tisa.
Jiko analisimamishia wapi, na kaburi wapi,
rasta haina habari.

"Mama, yamefika wapi hasa?"
"Gotini."
"Goti ni sentimita ngapi?"
"Goti langu," anasema, "si lako."

Naandika: *goti*.
Safu hii hula namba tu.
Inafikiri kidogo, inalifuta neno,
inaweka mahali pake
hasi thelathini na mbili elfu, mia saba sitini na nane.

Odindo, hiyo chapati iache.
Gamubuti ziko wapi? Na futi kamba,
ile ndefu, isiyokatika kwenye sifuri.